Mandazi ya Mama Njeri

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane niliugua, nikapona kabisa, na kupona huko kukamharibia jina mwanamke ambaye hakuwahi kunifanyia lolote ila kunipa mandazi.

Tulipanga nyumba mtaa wa Migosi, chumba kimoja na dirisha moja. Jirani yetu mlango wa pili alikuwa Mama Njeri, mtu wa Nyeri, muuza mitumba pale sokoni Kondele. Kila Jumapili alinipa mandazi, akasimama kunitazama nikila, akitabasamu. Mandazi hayakuwa na neno. Balaa lilikuwa lile tabasamu.

Mwaka huo kiwanja tulichokuwa tukichezea kilizungushiwa mabati, kikaota nyumba za kupanga. Kwenye ramani za serikali, naambiwa, bado ni bustani ya umma. Sisi watoto tukarudi ndani. Mimi nikaacha kula, nikaacha kulala, nikabaki macho na masikio. Zahanati ilitupa vidonge vya minyoo na karatasi yenye muhuri. Minyoo, kama ilikuwapo, ilikufa. Mimi nikazidi kukonda.

Ndipo Mama akakumbuka Mama Njeri alivyonitazama nikila. Kwetu jicho baya tunaliita sihoho: mwenye jicho hilo akikuona unakula, chakula kinakugeuka tumboni. Mama akafunga dirisha, akashusha pazia, akanipiga marufuku kutoka nje. Mama Njeri akibisha, alijibiwa mlango ukiwa umefungwa.

"Mama Atieno, mtoto anaendeleaje?"

"Amelala."

"Kila siku amelala? Hata saa hii ya mchana?"

"Si ni mtoto wangu? Acha alale."

Nami nilikuwa macho nyuma ya pazia, nikitazamana na ugali gizani.

Shule zilipofungwa Mama akanipeleka kijijini Luanda Kotieno, kando ya ziwa, kwa Dani, yaani nyanya yangu. Alinishika mkono, akauzungusha kama anayekagua kuku sokoni.

"Huyu anakulia wapi?"

"Ndani, Mama. Nimefunga kila mahali."

"Naona. Na mtoto umemfunga."

Akatoa dawa papo hapo: nitakuwa nikila chini ya mkuyu ulioota juu ya mawe, mbali na ufuo wanakoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mkuyu ule uliogopwa. Walisema aliyekata tawi lake alivimba mkono mpaka akazikwa nao hivyo. "Hakuna mtu anakanyaga pale," Dani akasema. "Pasipo na mtu hapana jicho." Hoja hiyo hata wakili asingeitoboa. Mimi lakini nilishuku jambo jingine: kwamba wenye mti, yaani mizimu, walikuwa wameahidiwa mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa mimi. Siku ya kwanza nilipanda kwenda mtini na jiwe mfukoni.

Dani alibeba nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na akaleta sharti: nisitie kitu mdomoni mpaka nimwone kwazi, yule tai mla samaki, akishuka majini. Basi nikakaa nikilikodolea ziwa macho. Upepo ulitoka majini ukapita shingoni. Mijusi wenye vichwa vya rangi ya chungwa walipiga pushapu juu ya mawe. Kwazi alijichelewesha kama karani wa serikali, na alipotokea, tumbo langu lilikuwa limeanza kunguruma. Siku ya nne nililala usiku kucha. Wiki ya pili nilikwangua sufuria.

Asubuhi moja mvuvi mmoja mzee alikatiza pale mtini, wala hakuvimba. Dani akamkaribisha nyoyo. Akakaa, akala, akanitazama nikila.

Alipoondoka nikanong'ona, "Dani, na jicho lake?"

"Huyo ana njaa tu, nyakwara, mjukuu wangu. Kula."

Nilimtazama Dani kwa shaka ambayo haijaniisha mpaka leo.

Mama alipokuja kunichukua, aliyashika mashavu yangu akalia. Kisha akajifuta machozi. "Kumbe ni kweli. Ni yule mwanamke."

Dani akageukia ziwa. "Mimi nilisema mtoto ale nje. Sikutaja mtu."

Nami niliyemwona mvuvi akila nasi, nilinyamaza. Nilitaka kuletwa tena likizo ijayo, na dawa ya jicho ilihitaji mwenye jicho.

Migosi ilipata habari kabla hatujafungua mizigo. Akina mama wakaanza kufunika sufuria Mama Njeri akipita. Siku moja, kwenye foleni ya bomba, alimkabili Mama mbele ya watu.

"Mama Atieno, niambie. Mimi nilikula mtoto wako?"

Mama akafunika ndoo yake. Ya maji. Nilikuwa nimesimama kando yake, nimenona kama ushahidi.

Kabla ya muhula kwisha, mlango wa pili ulikuwa na kufuli la mtu mwingine.

Juzi presha yangu ilipanda, na daktari kijana akaniandikia dakika thelathini kila siku, nje, penye miti. Karatasi ina muhuri, jambo ambalo Dani hakuwahi kuwa nalo. Nikamuuliza kama nisubiri kwazi ashuke kwanza. Akaandika kitu kwenye kompyuta.

Nafuata maagizo, na presha inashuka. Sikushangaa. Dawa ile ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, na ndiyo maana ule uongo ulisimama: watu waliniona nimepona, wakadhani wamemwona mchawi.

Huwa naketi chini ya mti karibu na ziwa, na mandazi kwenye karatasi. Mtu akipita akanitazama nikila, sifuniki.