Jibu la Nyuma ya Kitabu

Kitabu hicho nilikipata Nyahanga, kwenye chumba cha kupanga, miezi kadhaa baada ya kumaliza chuo. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa mtandaoni, nikaangukia maktaba ya vitabu vya zamani vya hisabati, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kusoma ni bure. Kimojawapo kilikuwa kile kile tulichokitumia sekondari kule Kharumwa, ila hiki kilikuwa toleo la baadaye.

Nilienda moja kwa moja kwenye swali la tangi. Bomba moja hulijaza kwa dakika kumi, la pili kwa kumi na tano, la tatu hulikausha kwa dakika nane. Yote yakifunguliwa, litajaa baada ya muda gani? Tukiwa sekondari, dada yangu alipata dakika ishirini na nne. Majibu ya nyuma ya kitabu chetu yalisema arobaini na mbili. Alilirudia wiki nzima, akamaliza daftari. Mwalimu akamwambia asipoteze muda. Akaja kwangu, mdogo wake niliyekuwa nasifiwa shule nzima. Nilimjibu kwamba kitabu kimeandikwa na watu wenye akili, yeye ni nani. Baada ya hapo hakunyoosha mkono tena darasani. Aliacha hesabu kwanza, halafu akaacha shule.

Katika toleo la baadaye, jibu ni ishirini na nne.

Asubuhi nikapanda gari kwenda Kharumwa. Nilimkuta amekaa chini na wenzake, wanaponda mawe ya dhahabu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna msiba? Mbona hukupiga simu?"

"Msomi kaja kuomba kibarua," mwenzake akasema. "Mpe nyundo, tuone hiyo digrii."

Nikampa dada simu, nimeshafungua ukurasa wa majibu. Alifuta vidole kwenye kanga, akakuza maandishi, akasoma polepole, midomo ikicheza. Nilikuwa nangoja afurahi.

"Kwa hiyo nilipata."

"Ulipata, dada."

"Na wewe siku ile, hili swali ulilifanya?"

Mimi ninayebishana na wachungaji na wahadhiri, nisiyekubali hata bei ya nyanya bila kuuliza kwa nini, sikuwa nimegusa kalamu. Nilifunua tu kurasa za nyuma.

"Hapana."

Akanirudishia simu.

"Sogea basi," akasema. "Vipande vinaruka, vitakuumiza jicho."