Nyumba Iliyong'olewa Kilele

Baba alipoanza kushindwa kutoka kitandani alinituma kazi moja tu: nipande Rwimbogo, kwenye nyumba ya nyasi aliyoijenga kwa mikono yake akiwa kijana, kabla ya kukimbilia Congo, niulize nani alikitoa kilele chake.

Nyumba za zamani za kwetu zilikuwa za duara, nyasi zikishuka kutoka juu mpaka karibu na ardhi. Pale juu kabisa kilichomoza kijiti kilichosukwa kwa matete, agasongero; ndicho hicho kilele. Kikiwepo, mwenye nyumba yu hai. Akifa kinang'olewa, na hata aliye kilima cha pili anajua bila kuuliza.

Nilikasirika, sitaficha. Tulirudi kutoka Bukavu nikiwa mtoto, bibi akiwa ameshakufa na ndugu wote wametawanyika, tukakaa Kamembe, mji wa mpakani. Kutoka hapo mpaka Rwimbogo ni safari ya pikipiki tu, lakini miaka yote hiyo baba hakukanyaga huko. Leo goti, kesho mvua. Sasa ananituma mimi nikaulize habari za kijiti! Ila kazi inayonilisha ni kuchora ramani za nyumba, na nyumba kuukuu siwezi kuipita bila kuichungulia. Nikaenda.

Nilimkuta mama mmoja mzee, jirani aliyeanza kumtunza bibi yeye mwenyewe akiwa bado msichana, na ambaye bibi alimwachia kila kitu. Alisimama katikati ya njia na jembe lake.

"Umekuya juu ya shamba?"

"Hapana, Maman. Nimekuja kuitazama nyumba."

Hakuniamini, lakini aliniacha nizunguke. Ilikuwa jiko lake na zizi la mbuzi wake. Nyuma ukuta ulikuwa bado wa duara, fito na udongo, umekandikwa tena na tena mpaka umenenepa. Mbele walikuwa wameukata ukawa na pembe, maana nyumba za nyasi zilipopigwa marufuku iliwekwa mabati, na bati halijui kuzunguka. Nguzo ya kati, ile iliyobeba paa lote, ilikuwa imekatwa usawa wa kifua. Mbuzi alikuwa amefungwa hapo. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia, nikamuuliza nilichotumwa.

Mama akaweka jembe chini.

"Ni bibi yako. Kijana wake alisha kukimbia, bantu bakawa banakuya kumutafuta. Banamupiga, banamuuliza iko wapi. Siku moja akapanda juu ye mwenyewe, akaitoa agasongero, akaanza kulia kama kilio ya mufu. Bakakuya, bakaona juu iko bure, bakasema amekufa. Habakurudia tena."

"Lakini alijua kwamba hajafa?"

"Alijua. Aliificha ndani, chini ya nyasi. Alisema mutoto akirudia ataipandisha ye mwenyewe. Kwa kumungoja hakutoka tena hapa, hata sokoni alikuwa ananituma miye. Kila siku mulangoni, mupaka kufa."

Nikauliza kile kijiti kiko wapi sasa. Alitazama jiko.

"Wakati ya kutoa nyasi ilianguka. Nilipikia maharagi. Hakukuwa tena wa kumungojea."

Nilishuka kilima nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilidhani nambebea baba dawa: kwamba kwao hawakumtupa, kwamba mama yake alimfanya mfu ili abaki hai.

Nikamweleza yote, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Alisikiliza akiwa ameelekea ukutani. Nilipomaliza nilingoja atabasamu. Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku ile aliponituma: alijuaje kwamba kilele kilitolewa?

"Miye nilirudia," alisema. "Mwaka uliofuata. Nilipita mutoni, nikafika mupaka kilima ya ngambo. Nilikuwa nimemuletea maman kitenge. Nikaangalia nyumba, kwa mbali naona paa tu, haina agasongero. Nikasema, basi, bamenizika. Na maman akiwa muzima hangekubali banizike. Kumbe naye amekufa. Kitenge nikaitupa mutoni, nikarudia Bukavu."

Nje mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na nilitamani anyamaze. Nilielewa goti, nilielewa mvua, na nikaichukia furaha niliyoshuka nayo kilimani.

Baba akageuza kichwa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Ile siku, maman alikuwa ndani?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema alikuwa shambani, au mgonjwa, au kwa jirani. Lakini alikuwa amenituma nilete ukweli, na macho yake hayakuniachia nafasi.

"Alikuwa mlangoni, Papa."