Ubao wa Tura

Mama alikataa kwanza kwa sababu ya neno. Nilimwambia nimealikwa kujiunga na klabu ya reli ndogo, akaacha kupepeta mchele.

"Klabu? Mtoto wa kike, kidato cha pili, klabu?"

Hapa kwetu Chemchem, Tabora, klabu ni mahali pa pombe. Nikamweleza kwamba ni watu wanaotengeneza treni za bati na kuzitembeza juu ya meza. Alifikiri kidogo, akauliza kama watu hao wana kazi nyingine. Nikasema wanazo. Akasema basi nikiulizwa niseme kikundi, maana majirani wakisikia kikundi watadhani ni mambo ya ujamaa na hawatachimba zaidi.

Kikawa kikundi. Tulikuwa kumi na mmoja, tukikutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Wengi walikuwa watu wa karakana na wa mizigo. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu aliyekuwa steshenimasta katika vituo vingi tangu kabla ya uhuru. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo kazi zetu alizikagua kwa vidole. Injini ilitengenezwa na fundi bati wa mjini, mtu wa ukoo wa Waarabu wa hapahapa, ambaye aliipa moyo wa saa ya mezani iliyokufa. Ukiijaza kwa ufunguo ilivuta mabehewa manne mpaka mwisho wa meza, ikitoa sauti kama mtu anayesaga meno. Wanafunzi tulikuwa wawili tu: mimi na mvulana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Bukene, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa muda wa kunywa chai.

Mimi si mtu wa kusema. Naandika kwenye daftari kila siku, lakini darasani nikiulizwa swali nasimama, jibu nalijua, naketi. Mvulana wa Bukene aliniita Bubu tangu Jumamosi ya kwanza. "Bubu, lete gundi." Nilileta. Sikukasirika sana, ilinipunguzia kazi ya kujitambulisha.

Reli yetu ilikuwa ya mikanda ya chuma inayofungia marobota ya pamba. Tuliikata, tukaisimamisha kwa ubavu kwenye vipande vya mbao za masanduku. Kila mmoja alipewa ubao wa ukubwa uleule atengeneze kituo kimoja, na sheria ilikuwa kwamba reli ipite katikati kabisa, shubiri moja na vidole vitatu kutoka kila ukingo, ili ubao wowote uungane na wowote. Ukishamaliza, ubao ulifungwa kwa skrubu mezani, na ukishafungwa haukuwa wako tena. Haukuandikwa jina. Mwenyekiti alisema hiyo ndiyo siasa yetu: kituo ni cha wote, na asiguse mtu peke yake.

Kugusa kulikuwa na utaratibu. Palikuwa na kijiti chenye pete ya shaba, kimetundikwa juu ya kiti cha mwenyekiti. Kwenye reli ya njia moja dereva haruhusiwi kuingia kabla ya kupewa kijiti kama hicho mkononi, ili treni mbili zisikutane uso kwa uso. Sisi tulifanya vivyo hivyo. Ukitaka kuendesha treni, au kufungua ubao, au hata kutoa hoja, unasimama na kusema kwa sauti, "Naomba njia." Mwenyekiti anauliza, "Njia ya wapi?" Unajibu. Anakupa kijiti, na mpaka ukirudishe hakuna mwingine wa kusema, wala kugusa usipomwomba. Katika miezi mitano sikuwahi kukishika. Treni sikuiendesha. Nilikata, nikagundisha, nikapaka rangi.

Ubao niliochagua ulikuwa wa Tura. Baba anafanya kazi Tura, upande wa mashariki kuelekea Dar es Salaam. Ni mtu wa pampu: anapandisha maji kwenye tangi ili injini za moshi zinywe. Nyumbani huja mara moja kwa mwezi. Sisi hatujafika huko. Anasema Tura kuna mbung'o na hakuna shule, tukafanye nini. Siku hizi zimeanza kuja injini za dizeli zisizokunywa maji, na mama humuuliza watampeleka wapi zikijaa. Baba hujibu kwamba maji hata binadamu anakunywa.

Sikumwambia kwamba natengeneza kituo chake. Nilitaka akione siku ya maonyesho ya kazi za mikono, yaliyokuwa yanakuja na ambayo kikundi chetu kilipangiwa meza ndefu. Mama alimwandikia aombe ruhusa siku hiyo. Hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka mwaka ule wote, na daftari langu lina kurasa nyingi za kukitaka.

Mwenyekiti alikuwa amewahi kukaa Tura. Siku alipokuja kwenye kona yangu kunieleza, alisema: "Ukiingia, nyumba ya stesheni iko kulia. Songa mbele kidogo, kushoto utaona tangi, na pampu chini yake." Niliandika. Nikajiona nimepanda treni hapa Tabora, nimeingia Tura, nyumba kulia, tangi mbele kushoto. Nilijenga hivyo. Tangi nilikata kutoka kopo la maziwa. Kwenye miti niliyoitengeneza kwa dodoki nilitundika mizinga ya nyuki ya vijiti. Watu wa karakana walisema mgeni rasmi wa maonyesho atauliza kijiji cha ujamaa kiko wapi, tukabishana Jumamosi mbili (wao walibishana), kisha nikapanga nyumba kumi za viberiti kwa mstari ulionyooka. Mwisho nikamtengeneza mtu wa njiti mbili na udongo, mwenye kofia, nikamsimamisha kwenye pampu akiwatazama watazamaji. Mwenyekiti alipapasa kila kitu, akasema, "Kipo." Ubao ukafungwa.

Alhamisi kabla ya maonyesho, ambayo yalikuwa Jumamosi, tulikutana kumaliza kazi. Mvulana wa Bukene ubao wake, wa Bukene hiyohiyo kwenye njia ya Mwanza, ulikuwa bado. Mwenyekiti akaanza kumweleza: ghala la pamba liko kulia.

"Kulia kwa nani, mzee?" akauliza yule mvulana. "Kulia kwangu nikitoka hapa, au nikitoka Mwanza? Mimi kwetu hapo."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Swali zuri. Mtu wa reli ana kulia moja tu. Mgongo Dar, uso bara. Maili zinahesabiwa kutoka baharini, na kulia na kushoto vilevile. Hata ukiwa unarudi Dar, ukitaja kulia unataja ya mtu anayekuja bara. Tangu kwa Mjerumani."

"Na wote wanajua?"

"Waliouliza wanajua."

Nilikuwa nimeshika brashi. Niliangalia ubao wangu. Anayetoka Dar anaingia Tura akielekea Tabora, siyo akitoka Tabora. Kulia kwake ni kushoto kwangu, na mbele yake ni nyuma yangu. Tura yote ilikuwa imekaa kinyume: tangi la baba liko upande wa Dar badala ya upande wa Tabora, ng'ambo ya reli badala ya huku. Watu wengine walikuwa wamepita Tura kila mmoja kwa dirisha lake, hakuna aliyejali. Mwenyekiti alikagua kwa vidole, na vidole vilikuta kila kitu kipo.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Reli inapita katikati, kwa hiyo ni kufungua skrubu nne na kuugeuza ubao nyuma mbele. Dakika kumi. Lakini ubao ulikuwa wa wote, na kwanza ilibidi nisimame, niseme maneno mawili.

Niliosha brashi. Nikaiosha tena. Mwenyekiti akafunga kikao. Njiani kwenda nyumbani niliyasema maneno hayo vizuri kabisa, zaidi ya mara moja, na mbuzi mmoja alinitazama. Ijumaa tulibeba meza hadi kwenye maonyesho, watu wakipaza sauti, shika huku, polepole, na nafasi ilikuwepo kila dakika. Daftari la Ijumaa lina mstari mmoja: *Sikusema.*

Jumamosi kulikuwa na vinu, vikapu, majembe, na meza yetu. Watu walijaa kwetu kuliko kwenye majembe. Fundi bati alikuwa akiwafukuza watoto kwa kofia yake. "Yallah, yallah, pumzi zenu zitaiangusha Bukene!" Mgeni rasmi alikuwa bado kwenye vikapu. Tulikubaliana akifika, mvulana wa Bukene atachukua kijiti na kuendesha treni kutoka Tabora hadi Tura.

Baba alifika akitoka stesheni moja kwa moja, na begi lake la turubai begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mama yako anasema kuna kitu changu hapa."

Nilimwonyesha kwa kidole. Akainama. Aliangalia nyumba ya stesheni, akaangalia mizinga, akahesabu viberiti. Halafu akaangalia tangi, na akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya ofisini. Nilijua anachokiona.

"Huyu wa kofia ni mimi?"

"Ndiyo."

"Ah." Akajikuna shingo. Akasema kwa sauti ya chini, ili nisikie mimi tu, "Wamenihamisha na hawajaniambia?"

Hakuwa ananisema. Alikuwa anatania, na pia, nadhani, hakuwa anatania. Akasimama wima na kusema kwamba ni kizuri sana, mikono hii nimeipata kwa bibi yangu. Alisema kwa adabu, kama mtu aliyepewa chakula nyumba ya watu. Kwenye ncha ya pili ya meza mgeni rasmi alikuwa ameshafika, anapewa kiti. Mvulana wa Bukene alikuwa anapandisha soksi.

"Naomba njia," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Fundi bati ndiye aliyeniangalia, kwa sababu alikuwa karibu. Akapiga meza kwa kiganja. "Nyamazeni! Binti anaomba njia!"

Wakanyamaza wote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Nani huyo?" akauliza mwenyekiti. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yangu ikitoka kwa mbali.

"Bubu!" akasema mvulana wa Bukene. "Wallahi, ni Bubu!"

"Njia ya wapi?"

"Tura."

"Treni ipi?"

"Hakuna treni." Nikashika ukingo wa meza. "Ubao wa Tura umekaa kinyume. Nilijenga kama anayetoka Tabora. Nilijua tangu juzi."

Nilitegemea hasira. Mwenyekiti akachukua kijiti na kukinyoosha hewani, kwa vile hakuniona nilipo. Nikazunguka meza kwenda kukipokea. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri.

"Mheshimiwa," akamwambia mgeni rasmi, "treni itachelewa. Njia inatengenezwa."

"Hata kwenye reli ndogo?" akasema mgeni rasmi, na watu wakacheka mpaka kwenye majembe.

Haikuchukua dakika kumi, ilichukua karibu ishirini. Bisibisi ilikuwa imesahaulika, fundi bati akafungua skrubu kwa kisu. Nilipouinua ubao, nyumba tatu za viberiti zilianguka na mzinga mmoja ukapotea moja kwa moja. Mvulana wa Bukene alinishikia upande wa pili bila kusema neno, kwa sababu kijiti kilikuwa kwangu na sheria ni sheria, nilimwona anavyoteseka. Tukaugeuza, tukaufunga. Reli ziliungana. Nikarudisha kijiti, mvulana wa Bukene akakichukua papo hapo, akaendesha treni. Ilisimama kabla ya tangi, ufunguo umeisha. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Ndipo nikaona kosa la pili. Nilikuwa nimemsimamisha mtu wa pampu akiwatazama watazamaji, na sasa ubao umegeuka, alikuwa amewapa mgongo. Uso niliouchora kwa sindano, kwa siku mbili, ulikuwa unatazama ukuta. Baba alikuwa ameinama tena palepale.

"Anaangalia huko," nikamwambia. "Nilitaka uso uonekane."

"Acha," akasema. "Ndivyo ninavyokaa. Mtu wa pampu anaangalia geji, haangalii abiria." Akaweka kidole karibu na tangi bila kuligusa. "Hapo sasa. Na kivuli cha mchana kinaangukia hapa. Hapa naweka chai."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Hakusema tena habari ya ubao, alimweleza mama kuhusu bei ya asali na kuhusu dizeli mbili zilizopita wiki ile bila kusimama. Jumatatu asubuhi nilimsindikiza stesheni. Treni ikiwa tayari imepiga filimbi, alitoa kichwa dirishani.

"Kofia ya yule mtu umeipaka rangi gani?"

"Sijaipaka. Ni udongo tu."

"Yangu ya kijani," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema ukumbini. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti chake, na mvulana wa Bukene alikuwa anasimulia jambo refu. Nilisubiri apumue. Hakupumua, kwa hiyo nikasimama akiwa katikati ya sentensi na kuomba njia. Nilikuwa na rangi ya kijani kwenye kifuniko cha chupa, na brashi ya nywele tatu.