Mistari ya Chai ya Kipkoech

Mpaka saa hii moyo wangu umekataa kukubali. Kipkoech, jirani yangu wa meza pale staffroom kwa miaka kumi na moja, alianguka Jumanne darasani, chaki ikiwa mkononi. Presha. Hakufika hospitali.

Wengi wenu mlimjua kama Daktari. Hakuwa daktari bado. Ni sisi tulimpa hilo jina siku aliyopata admission ya PhD. Tulichinja mbuzi kwake Kimulot na mchungaji akaliombea. Leo naona tulikosea. Ukishaitwa Daktari na kanisa zima, utaacha masomo vipi?

"Ni three years tu, mwalimu," aliniambia. Scholarship alikosa, eti umri umepita. Basi akakodisha mistari ya chai ya chini, karibu na mto, kwa miaka mitatu. Mwenye kukodi anachuna, na bonus ya kiwanda ya mwisho wa mwaka ni yake. Wewe unapata pesa ya fees mara moja.

Miaka mitatu ikaisha akiwa bado kwa proposal. Supervisor alihama, na yule mpya akataka topic ianze upya. Kipkoech akaongeza mkataba wa mistari ya chini, akakodisha na ya katikati.

Mwaka wa sita akaongeza mikataba yote, na mistari ya juu pia ikaenda. Mke wake, Mama Chebet, akanipigia simu: "Mwalimu, ambia huyu mtu awache. Hii masomo itatumaliza." Sikumwambia. Nilikuwa namwonea wivu, na huo ndio ukweli.

Alianza kushika kichwa katikati ya lesson. Nikamtania kwamba kimejaa. "Nitaenda clinic nikimaliza chapter five." Tukacheka sote wawili. Ghai!

Mwezi uliopita nilimkuta amesimama ukingoni mwa shamba lake, akitazama watu wa yule aliyekodi wakichuna.

Jana tulienda kupima kaburi. Wazee walizunguka na kamba, na kila walipochagua palikuwa pamekodishwa. Mama Chebet akalazimika kumpigia simu aliyekodi kuomba ruhusa ya kung'oa chai kwa shamba la mume wake. Yule bwana si mtu mbaya. Alikubali miti tisa, akaja kusimama hapo akiangalia isizidi.

Nami niseme langu. Nina admission letter ya PhD kwa mkoba, na kanisani wameshasikia. Jumatatu nilisaini mkataba wa kukodisha chai yangu ya Sosiot, miaka mitatu, na Kipkoech ndiye aliyekuwa shahidi wangu. Alishika kalamu kwa muda kabla ya kuandika jina lake. Kisha akaniuliza, "Wewe ulipimwa presha lini?"

Nilicheka tena. Kesho yake akaanguka.

Saisere, kwaheri rafiki yangu. Lala salama kati ya chai yako. Huko hakuna wa kukuuliza unamaliza lini.

Jana tulipokuwa tukitoka kupima kaburi, mchungaji alinishika bega. "Pole sana," akasema, "Daktari."