Choo Tunacho

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, fagio la chelewa na kipande cha sabuni ya mche. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la Krismasi, nikidhani nitaanza kwa kudunga watu sindano. Muuguzi Mkuu wa kituo kile cha afya, huko Masasi upande wa Chiwata, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya jogoo. Alinitazama gauni, akanitazama uso.

"Umeishia darasa la ngapi?"

"La nne, mama."

"Linatosha. Kazi ya hapa ni kinyesi. Kama unakunja pua, rudi kwenu Lulindi ukapalilie karanga. Mtoto mdogo hajui kusema anaumwa wapi. Kinyesi chake ndicho kinachomsemea."

Sikurudi Lulindi. Nikawa mhudumu wa afya, yaani yule asiyeandika dawa wala kudunga sindano, ila kila mgonjwa anamwita sista. Yule mama alinifundisha kusoma beseni kama wengine wanavyosoma gazeti. Choo cha majimaji kinasema hivi, chenye damu kinasema vile, na kile cha vidonge vidonge kama cha mbuzi kinasema mtoto amefunga choo. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mnacheka, lakini ndivyo nilivyolea familia yangu. Mume wangu alikuwa akiniambia, "Mama Agnesi, hapa mezani tuongee habari za korosho."

Baadaye nikahamishiwa kituo kimoja upande wa Newala, juu kabisa. Huko kitu cha kwanza nilichojifunza ni maji. Sisi wa Masasi tulikuwa na visima. Kule juu wanawake walikuwa wakishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na maji yaliyofika nyumbani yaliheshimiwa kama mgeni. Mtu akikukaribisha kwa kikombe cha maji, ujue amekupa jasho lake. Nimeyataja maji kwa sababu yatarudi mbele, msije mkasema bibi amepotea.

Mganga Mfawidhi wa kituo kile, ndiye mkuu wetu, alikuwa kijana wa bara, mpole, hana haraka na mgonjwa. Siku moja, korosho ndiyo zimeanza kuanguka, akaja mama mmoja na mama yake mzazi kutoka Chilangala. Walimleta mtoto wa kike, Zuhura, wa miaka miwili na kitu. Tumbo limejaa, mguu mmoja ameupachika juu ya mwingine, anakaza makalio na uso umemwiva. Aliitwa jina la bibi yake, kwa hiyo bibi alikuwa akimwita somo.

Mganga akauliza, "Shikamoo bibi. Huyu mtoto anapata choo?"

Bibi akajinyoosha. "Marahaba. Choo tunacho."

"Namaanisha mtoto, bibi. Anapata choo?"

"Nimekwambia tunacho! Kirefu, kina sakafu ya saruji na mlango wa bati. Bwana afya kaja kakiona kwa macho yake. Nenda kamuulize!"

Lazima niwaeleze. Mwezi ule bwana afya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, na asiye nacho alikuwa akipelekwa kwa mtendaji. Bibi alidhani msako umehamia hospitali. Binti yake akajifunika kanga usoni kwa aibu. Mimi nilikwishageukia ukutani, mabega yanatetemeka. Bibi akaniona.

"Na wewe Mmakua unacheka nini? Kwenu mnajisaidia kwenye mikorosho!"

Wamakua na Wamakonde ni watani, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kujibu. "Ndiyo maana mikorosho yetu inazaa, bibi."

Hata yeye akacheka, akaongeza kwa majivuno, "Kwangu mimi hata huyu somo yangu anatumia choo. Hakuna kujisaidia uani tena, mkubwa wala mdogo."

Hapo Mganga aliacha kucheka. "Ngoja, bibi. Mtoto huyu naye anachuchumaa juu ya lile tundu?"

"Tangu kilipokamilika. Analia, lakini tunamshika."

"Na kabla ya hapo alikuwa akijisaidia vizuri?"

Mama mtu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Vizuri kabisa, daktari. Shida imeanza baada ya choo."

Kumbe bibi alijibu swali kabla ya kuelewa swali. Mganga alitueleza sote, na mimi pia nilikuwa najifunza. Mtoto anaona shimo jeusi, anaogopa litammeza, anabana. Kinyesi kikikaa tumboni kinanyonywa maji, kinakuwa kigumu. Siku kikitoka kinamchana, inabaki kidonda njia ya haja. Kesho yake anabana zaidi kwa kukumbuka maumivu. Shida inazaa shida. Na kule juu, ambako mtoto hupewa maji kwa kikombe cha kahawa ili yasiishe, na chakula ni ugali wa muhogo, choo kitalainika kwa nini?

Akampa laktulozi, dawa ya maji tamu kama shira. Haimchokozi utumbo kama zile dawa kali za kuharisha. Kazi yake ni kuvuta maji yaingie kwenye kinyesi kilainike. "Apewe kila siku," akasema, "kwa kipimo nilichokuonyesha, miezi kadhaa, hata akishapata nafuu. Utumbo ulivutika, unahitaji muda kurudi. Mpeni maji, papai, mboga. Na lile tundu aachane nalo kwa sasa."

Bibi alikuwa amekaza midomo. "Miezi? Mimi nina mizizi yangu. Inachemshwa, mtoto anapigwa bomba nyuma, siku hiyo hiyo anafunguka. Nakupa mpaka korosho ziishe. Zikiisha hajapona, namchukua somo yangu namtibu mwenyewe."

Mganga hakupandisha sauti. "Bibi, nimewahi kupokea mtoto aliyepigwa bomba la mizizi. Utumbo ulitoboka. Hakurudi nyumbani akiwa hai."

Bibi akainuka. Akafunga kanga yake kiunoni, wakaondoka.

Nilikuwa nimepanga chumba njia ya kwenda kwao, Mganga akaniomba niwe nawachungulia. Nilipokwenda mara ya kwanza, korosho zilikuwa bado zinaanguka. Nikamkuta Zuhura amelala mkekani, nguo imechafuka majimaji. Kwenye mafiga chungu kinachemka. Nikafunua mfuniko. Mizizi. Bomba la mpira limelala juu ya ungo, limeshaoshwa.

"Mbona mapema, bibi? Ulisema korosho ziishe."

"Dawa yenu inamharisha! Kila saa anajichafua. Nimeisimamisha. Mganga wako kamharibu, sasa namsafisha mara moja yaishe."

Mama Zuhura alikuwa amekaa kizingitini analia. Kumkatalia mama yake hakuweza. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa kati ya mafiga na mtoto. Mimi si daktari na pale si kwangu. Lakini utani ni ruhusa.

"Mmakonde wewe, unajua kuchonga kinyago lakini hujui mfereji. Mfereji ukizibwa na jiwe, maji hayapiti?"

"Yanapita pembeni."

"Basi huku si kuharisha. Jiwe bado limo. Yale majimaji yanapita pembeni yake, na dawa imeanza kulila. Mganga alisema mtu anaweza kudhani ni kuharisha akaacha dawa. Mshike tumbo hapa chini, kushoto."

Bibi akamshika, polepole, kwa vidole vyake vilivyoungua kwa mafuta ya korosho. Akalihisi. Gumu kama kokwa la embe. Akaondoa mkono.

"Umekuja kunifundisha kunya, Mmakua?"

"Nimekuja kumlinda somo yako. Ukimpiga bomba na jiwe hilo limo ndani, nani ataitikia jina lako?"

Hapo nilijiona nimevuka mpaka. Kuku walikuwa wanaparura uani, nikawa nawatazama wao. Bibi aliinuka, akanyanyua kile chungu kwa kanga, akaenda nacho nyuma ya nyumba. Nikasikia maji yanamwagika. Kwenye nchi ile ya kubeba maji kichwani, alimwaga chungu kizima.

Aliporudi alisema, "Dawa iko wapi?"

Tulirudisha dawa. Nikaleta kipoti cha plastiki cha kujisaidia mtoto, tukakiweka juani uani, mahali pasipo na shimo, na nusu tofali mbele yake miguu ipate pa kukanyaga, maana miguu ikining'inia mtoto hana nguvu ya kusukuma. Kila akimaliza kula anakalishwa kidogo, bila kushikwa kwa nguvu, bila kugombezwa. Bibi mwenyewe alikaa chini kando yake, akimwimbia vijinyimbo vya Kimakonde ambavyo mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Kikombe cha kahawa kikastaafu, Zuhura akapewa kikombe cha chai kilichojaa.

Siku lile jiwe lilipotoka sikuwepo. Nilikuwa kituoni nafua mashuka nikasikia vigelegele barabarani. Bibi huyo anakuja kwa miguu, bakuli limefunikwa kawa, kama anapeleka biriani. Akampita kila mgonjwa kwenye foleni, akaweka bakuli mbele ya Mganga Mfawidhi.

"Fungua," akamwambia. "Choo tumepata."

Yule kijana alifungua, akaangalia, akasema kwa heshima zote, "Hongera sana, bibi."

Dawa iliendelea mpaka msimu wa mbaazi uliofuata. Walipotaka kuikata ghafla Mganga aliwakatalia. Ilipunguzwa kidogo kidogo mpaka utumbo ukafanya kazi wenyewe.

Mimi sasa nimestaafu, nimejenga hapa Masasi, nina mikorosho yangu na magoti yanayouma. Watu huniuliza kazi yangu ilikuwa nini, nawaambia kinyesi, wanadhani natania. Namshukuru Mungu. Nililala nimechoka na niliamka napajua pa kwenda. Zuhura yuko shule, anakimbia kuliko wavulana. Mama yake amepata mtoto mwingine, na kile kipoti, plastiki imefifia kama kanga ya kazi, bado kipo kazini.

Mwezi uliopita nilipanda kuwasalimia. Nimekaa uani na bibi, akaingia bwana afya mpya, kijana, anakagua kaya. Akaamkia, akauliza, "Bibi, hapa kwako choo mnacho?"

Bibi akanitupia jicho, kisha akamjibu bila kutikisika:

"Tunapata kila asubuhi, mwanangu. Laini. Alhamdulillahi."