Sauti za Bosi Anayehama

Karani wetu wa masjala hupuliza kila faili kabla ya kulifungua, hata lile alilolifunga asubuhi hiyohiyo, kisha hunyoosha kona zake kwa kidole gumba kana kwamba anamfuta mtoto kamasi. Huongea polepole, na kila sentensi yake hupanda mwishoni kama barabara ya kwenda Mbebe. Siku nilipohama Chapwa, mimi mtendaji wa kata niliyejiandalia mpaka hotuba ya kuagwa, nilimkabidhi funguo nikanyoosha mkono. Hakuushika. "Bosi, na simu?"

Nikacheka, simu ni yangu. Ila vizimba vyote vya soko nilivigawa kwa jumbe za sauti za WhatsApp, nyingi nikiwa nakula, na bila hizo mrithi wangu asingejua kipi ni cha nani. Karani alizihamishia kwenye kompyuta ya ofisi, akasikiliza, akaandika, akapuliza karatasi. Mrithi wangu akasoma kwa sauti: "Kizimba cha kona apewe Atuganile (anatafuna)."

Nikaomba mabano yafutwe.

"Haiwezekani, bosi," alisema, akinyoosha kona ya karatasi. "Hata kutafuna ulitafuna ukiwa kazini."