Mlango wa Kombi

Godoro la sponji likilowa lina harufu yake, na ukishaizoea utotoni huisahau tena. Ina uchachu kidogo, ina vumbi, na ndani yake kuna jasho la mtu aliyelala muda mrefu. Wiki iliyopita mvua ilipenya dirishani kwangu ikalowesha kitanda cha mwanangu. Nililiinua godoro ili nikalianike, harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa sakafuni. Mtoto akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka tu babu yako. Yeye sikumweleza zaidi, ila ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Annexe, kule Lubumbashi inakochoka kuwa mji na mashamba ya mihogo yanaanza. Baba alikuwa tolie, fundi wa kunyoosha mabati ya magari, na karakana yake ilikuwa uani kwetu, kando ya kichuguu kirefu kuliko nyumba. Mama alikuwa mfanyabiashara. Alikwenda Kasumbalesa kununua unga na mafuta, na kwa kuwa foleni ya mpakani humlaza mtu njiani apende asipende, Baba alimnunulia kombi ya kulala kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika mpaka gari likamchosha. Ilikuwa na kitanda, na hata sinki ndogo ya kuoshea vyombo. Watoto wa jirani walikuja kuiangalia hiyo sinki, nami niliwaruhusu mmoja mmoja, kwa madaha.

Baba ndiye aliyeendesha, na Mama alikaa nyuma na mizigo. Kati yao kulikuwa na kabati la mbao lililofika mpaka darini, kwa hiyo yeye aliingia na kutoka kwa mlango wa pembeni, ule wa kusukuma. Mlango huo ulikuwa na ila. Gurudumu lake la chini lilipenda kuruka reli, na likiruka mlango uligoma. Kila mara Baba alisema atautengeneza, lakini magari ya wateja yalikuwa mbele. Mganga hajigangi. Mama hakumngoja, alijifunza tabia za mlango wake. Alinyanyua kishikio kidogo, akakivuta kwake, kisha akasukuma kwa goti, nao ukateleza. Baba hakuwahi kuhitaji kujua hayo, kwa sababu kila alipozunguka kutoka upande wa dereva alimkuta Mama ameshashuka.

Halafu Mama alishikwa na homa kali huko Kasumbalesa. Baba aligeuza gari akakimbia naye mpaka hospitali. Alipozima injini alimsikia akikohoa. Akashika kishikio, mlango ukagoma. Nyuma magunia ya unga yalikuwa yamepangwa mpaka juu, mbele kulikuwa na lile kabati. Watu walikuja kusaidia, wakavuta, wakapiga mateke. Mwishowe mtu akaleta mtaimbo, Baba akaupachika kwenye pembe ya juu ya mlango, akakandamiza mpaka bati likapinda na mlango ukaachia. Walipomtoa Mama alikuwa ameshakata roho.

Mimi nilikuwa nyumbani na Nkambo, bibi yangu aliyemzaa Mama. Wakati wa matanga niliwasikia wanawake mkekani wakisema neno moja tu, kwa sauti za chini: mlango ulikataa. Nililishika vile vile lilivyosemwa. Nikauogopa mlango kama mtu anavyoogopwa, nikawa nazunguka mbali nikienda chooni.

Mvua zilipoanza, kombi ilikuwa imeegeshwa kando ya kichuguu, haiendi popote. Maji yaliingia kwa ile pembe iliyopinda, tone baada ya tone, yakaanguka juu ya godoro, pale pale Mama alipokuwa akilaza kichwa. Baba aliingia kwa mlango wa nyuma akaweka beseni. Alasiri nzima tulilisikia kutoka ndani ya nyumba: to, to, to. Majirani waliopita walimtania, maana watu hutania hata wanaompenda: tolie, gari yako iko inalia. Baba alitabasamu, wala hakugusa nyundo.

Nkambo ndiye hakuweza kuvumilia.

“Ile haiko mayi ya mvua,” aliniambia, akichambua mboga ya lenga-lenga mapajani. “Ni mutoto yangu. Balimufungia mule. Iko anapiga hodi.”

Kisha alimwomba Mungu msamaha kwa kusema hivyo, na kesho yake akasema tena.

Basi nikaamua kuyazuia maji mwenyewe, ili Mama apate kulala. Nilichukua mastiki ya Baba, ile dawa nzito ya kuzibia mabati, na vipande vya mpira wa gurudumu, nikapanda juu ya pipa nikaiziba pembe yote. Nilijiziba na mimi vilevile, nywele zote. Nkambo alilazimika kuninyoa kichwa, na shuleni waliniita kipara mpaka Pasaka. Lakini mvua iliyofuata beseni lilinyamaza, na niliusikiliza ukimya ule kwa fahari kubwa. Haikupita saa, maji yakapata njia nyingine chini zaidi, yakaanza kudondoka sakafuni kwa sauti mpya, nene kidogo.

“Unaona?” Nkambo akasema. “Anatafuta mulango ingine.”

Usiku huo nililala nimejifunika mpaka utosini, na kesho yake Baba akaibandua mastiki yote.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya mvua kubwa, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nafuta vyombo nilipoisikia sauti ya Baba kutoka upande wa kombi. Alikuwa akizungumza na mtu. Aliuliza, akanyamaza kama anayesubiri jibu, akauliza tena. Nkambo alikuwa amesinzia. Nilijifunika gunia kichwani nikatoka.

Alikuwa peke yake. Amesimama nje ya ule mlango, shati limemganda mwilini, mikono yote miwili kwenye kishikio, anavuta, anaacha, anavuta.

“Mama Salima,” alikuwa akisema, “nionyeshe tu. Ulikuwaka unafanya namna gani? Nionyeshe mara moja.”

Salima ni mimi. Woga ulinitoka wote mara moja, kwa sababu swali lenyewe nililijua. Mara ngapi nilisimama pale na vikapu, nikimngoja Mama afungue?

“Baba, acha mi nifanye.”

Alisogea. Nilinyanyua kishikio kidogo, nikakivuta kwangu, nikasukuma kwa goti. Mlango uliteleza mpaka mwisho. Ndani kulikuwa na beseni, godoro, na ile harufu. Nilimgeukia nikicheka.

“Baba, haiko nguvu.”

Kwetu ndivyo tunavyosema: si vigumu.

“Nani alikufundisha?”

“Hakuna. Mama alikuwaka anafanya vile, mi naangalia.”

“Fanya tena.”

Nikafunga, nikafungua.

“Tena, mama.”

Nikafungua tena, kwa mkono mmoja sasa, ili aone vizuri. Baba aliketi chini kwenye tope jekundu, akaegemeza paji la uso kwenye kizingiti cha gari. Nilidhani anashukuru. Nilibaki nimesimama kando yake nikingoja asimame, mvua ikinigonga kipara kupitia gunia.

Kesho yake aliunyoosha. Alitoa mlango mzima, akaigonga pembe mpaka ikanyooka, akabadilisha reli na gurudumu, akaweka mpira mpya kuzunguka fremu. Kufikia adhuhuri ulikuwa unateleza kwa kidole kimoja. Tangu siku hiyo halijaingia hata tone. Nkambo alisema mtoto wake amelala, naye akalala. Mimi niliringa miaka mingi moyoni kwamba ndiye niliyemfungulia Mama.

Baba aliendelea na kazi. Gari lolote lililoingia uani, hata kama lilikuja kwa ajili ya taa, alianza na milango: anafungua, anafunga, anafungua. Wateja walimcheka. Hakuwatoza kitu kwa hilo, na hakuacha mpaka tulipomzika.

Nilielewa nikiwa nimeshamzaa mwanangu, siku nilipombeba na homa ndani ya teksi na barabara haiendi. Watu walimwambia Baba kwamba mlango ulikataa, na ndani ya neno hilo walimwachia mahali pa kukaa. Mlango ulikuwa mbaya, hakuna ambaye angeuweza, basi ni amri ya Mungu. Angeweza kuzeeka humo. Lakini aliuliza, na mimi nilikuwa mtoto niliyempenda, nikamjibu. Nilimfungulia mara tatu, kwa mikono yangu hii iliyokuwa myembamba kama mwiko, nikacheka, nikamwambia si vigumu.